Fundi akipanda paani: nanga, kamba na namna ya kuzuia kuanguka

Ukurasa huu ni kwa ajili ya akina mama na walezi wanaojenga, wanaokarabati nyumba, au wenye mume, kijana au ndugu anayefanya kazi ya kuezeka. Unaeleza nanga ya paa ni kitu gani, inafungwa wapi, inafungwaje, na mambo ya kumuuliza fundi kabla hajapanda. Mwishoni utasoma la kufanya mtu akianguka.

Mambo muhimu kwa ufupi

- Kuanguka kutoka kwenye paa la nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, kunatosha kuua au kumlemaza mtu.
- Nanga ya paa ni sehemu imara ambapo fundi anafunga kamba yake. Nanga isipokuwa imara, kamba haina kazi.
- Usikubali kamba ifungwe kwenye bati, papi, fisha bodi, gata au bomba la dishi.
- Kwa nyumba ya chini, kamba iwe fupi kiasi cha kumzuia fundi asifike ukingoni. Kamba ndefu itakaza wakati yeye ameshafika chini.
- Mtu akianguka, usimwinue na usimkalishe. Usimpakie kwenye bodaboda.

Kwa nini jambo hili linakuhusu wewe

Chanika, Zingiziwa, Buyuni, Majohe, Msongola na maeneo ya jirani ni sehemu za Dar es Salaam ambako watu wengi bado wanajenga. Wanajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha mbao, kisha bati. Mara nyingi baba yuko kazini mjini, na anayesimamia fundi siku ya kuezeka ni mama. Yeye ndiye anayehesabu misumari, anayepika chai ya mafundi, na ndiye atakayekuwepo mtu akianguka.

Hata baada ya kuhamia, watu wanaendelea kupanda. Bati limevuja na masika ya Machi hadi Mei yanakaribia. Gata limejaa majani na vuli ya Oktoba imeanza. Dishi limegeuka kwa upepo, au tanki la maji linahitaji kusafishwa. Kazi hizi zinaonekana ndogo, kwa hiyo mara nyingi hazipewi fundi. Anapanda baba mwenyewe jioni akitoka kazini, au anatumwa kijana wa kidato cha pili kwa sababu ni mwepesi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi zaidi huanguka na kubaki hai wakiwa na majeraha. Anayebaki na jeraha la uti wa mgongo anahitaji mtu wa kumgeuza, kumwosha na kumlisha, pengine kwa miaka, na kazi hiyo nyumbani inajulikana humwangukia nani.

Mita tatu ni nyingi

Watu huogopa ghorofa na kudharau nyumba ya chini. Lakini ukingo wa paa la nyumba ya kawaida uko takriban mita 3 kutoka ardhini, na kilele chake kiko juu zaidi ya hapo. Mtu anayeanguka mita 3 hufika chini kabla ya sekunde moja kuisha, akiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Hana muda wa kushika kitu wala kujigeuza. Na chini ya nyumba inayojengwa hakuna majani laini. Kuna tofali, vipande vya nondo, mbao zenye misumari na zege kavu.

Mafundi huanguka kwa njia zinazojulikana:

- Kuteleza kwenye bati lenye umande wa asubuhi, mvua, vumbi au mchanga.
- Kukanyaga bati katikati, mahali ambapo chini yake hakuna mbao, likakunjika au kutoboka. Bati lenye kutu na bati la plastiki la kupitisha mwanga ndiyo hatari zaidi.
- Kukanyaga dari. Jipsamu na silingi bodi hazibebi mtu.
- Kupeperushwa na bati. Mtu aliyeshika bati zima wakati upepo unavuma ni kama ameshika tanga la jahazi.
- Ngazi kuteleza, au mtu kuvuka vibaya kutoka kwenye ngazi kwenda paani.
- Papi au mbao ya kenchi kukatika kwa sababu imeliwa na mchwa.

Kwanza uliza: lazima apande?

Kamba ni kinga ya mwisho. Kabla ya kuifikiria, tazama kama kazi inaweza kufanyika bila mtu kukaa juu ya bati.

Gata linaweza kusafishwa kutoka kwenye ngazi iliyofungwa vizuri. Dishi linaweza kuwekwa kwenye mlingoti uliosimikwa ardhini au ukutani, mahali panapofikika. Kenchi zinaweza kuungwa chini na kupandishwa zikiwa tayari, ili kazi ya kugongelea juu ipungue. Kwa kazi ya ukingoni, kama kupiga fisha bodi na kufunga gata, jukwaa la mbao au chuma lenye vizuizi pembeni ni salama kuliko kamba, kwa sababu linamlinda kila aliye juu yake bila kumtaka akumbuke kujifunga.

Kama lazima apande, basi awe na mkanda wa mwili mzima, kamba na nanga. Vitu hivi vitatu vinategemeana. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki ni mapambo.

Nanga ya paa ni nini

Nanga ya paa ni bamba au pete ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye sehemu ya nyumba inayobeba uzito. Fundi ananasa kamba yake hapo kwa kishikizo cha chuma kinachojifunga chenyewe, kinachoitwa karabina. Jina linatokana na kazi yake: jahazi linaweza kuwa na kamba nzuri, lakini nanga ikiwa haijashika, maji yatalichukua.

Kuna nanga za aina mbili. Ya kwanza ni ya muda: inafungwa siku ya kazi na kuondolewa jioni. Ya pili ni ya kudumu: inafungwa wakati wa kuezeka na kuachwa kwenye kilele cha paa, ili kila atakayepanda miaka ijayo awe na pa kujifungia. Kwa nyumba inayojengwa sasa, ya kudumu ndiyo nafuu, kwa sababu mbao ziko wazi na fundi anaona anachofunga. Bati likishapigwa, kazi hiyo hiyo inakuwa ngumu.

Nanga inahitaji nguvu kiasi gani? Mtu anayeanguka halafu akadakwa ghafla huvuta kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko uzito wake. Ndiyo maana viwango vya Ulaya vinataka nanga ya chuma ihimili mvuto unaolingana na uzito wa karibu kilo 1,200, na kanuni za Marekani zinataka karibu kilo 2,270 kwa kila mtu aliyefungwa. Mifuko ya saruji ya kilo 50 ipatayo 24 ndiyo hizo kilo 1,200. Ukiwaza hivyo utaelewa kwa nini msumari wa bati hauwezi kuwa nanga.

Kamba ya kudaka na kamba ya kuzuia

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wenye vifaa vizuri.

Kamba ya kudaka humwacha mtu aanguke kidogo kisha ikamshika hewani. Inafaa kwenye ghorofa. Kamba ya kawaida ya aina hii ina urefu wa mita 2 na kifyonza mshtuko kinachoweza kufunguka karibu mita 1.75 zaidi. Ongeza urefu wa mwili kutoka mgongoni anakofungwa hadi miguuni, kama mita 1.5, na mita 1 ya tahadhari. Jumla ni zaidi ya mita 6. Nyumba yako ina mita 3. Maana yake fundi atagonga ardhi kabla kamba haijamaliza kazi.

Kamba ya kuzuia haimwachi aanguke kabisa. Inakuwa fupi kiasi kwamba akitembea hadi mwisho wake, bado hajafika ukingoni. Kwa nyumba za chini, hii ndiyo kamba inayofaa.

Namna ya kupima ni rahisi. Chukua futi kamba, pima kutoka kwenye nanga hadi ukingo ulio karibu zaidi, kwa kufuata mteremko wa bati. Kama ni mita 5, kamba isizidi mita 4. Ile mita 1 ya mwisho ifanyiwe kazi kutoka kwenye jukwaa au ngazi. Usipime ukingo wa mbele peke yake. Kama nanga iko karibu na ukuta wa ubavuni, ukingo wa ubavuni ndio unaoamua urefu.

Kamba pia isilegee. Fundi akiwa karibu na kilele huku mita 4 za kamba zimelala kwenye bati, akiteleza ataserereka mita zote hizo kabla hajashikwa. Kuna kifaa kinachoteleza kwenye kamba na kujifunga chenyewe kinapovutwa ghafla, tukiite kishika kamba. Fundi hukisogeza kadiri anavyopanda na kushuka ili kamba ibaki imenyooka. Msaidizi aliyeshika kamba kwa mikono si mbadala wake, kwani mkono wa mtu hauwezi kushika mshtuko huo, na naye atavutwa.

Wapi nanga isifungwe

Mwambie fundi mapema kwamba hapa hutaki kuona kamba:

- Kwenye bati au msumari wa bati.
- Kwenye papi, yaani zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati.
- Kwenye fisha bodi au gata.
- Kwenye bomba la dishi au stendi ya tanki.
- Kwenye nondo za dirisha.
- Kwenye ukuta mfupi wa tofali unaozunguka paa, katika zile nyumba za kisasa zilizoficha bati. Tofali la juu halina uzito juu yake wa kulishikilia, huvutwa na kuanguka pamoja na mtu.
- Kwenye gari. Kuna siku mtu asiyejua ataliwasha na kuondoka.

Jinsi nanga inavyofungwa kwenye paa la mbao

Kazi hii ni ya fundi seremala mzoefu, na kwa nanga ya kudumu ni vizuri mhandisi au fundi sanifu wa ujenzi aione. Hutakiwi kuifanya mwenyewe. Hatua hizi zimeandikwa ili ukisimama chini ujue kinachofanyika juu.

1. Kagua mbao. Kabla ya kufunga chochote, fundi agonge kenchi kwa nyundo na kuchokoa kwa bisibisi. Mbao iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya uwazi na bisibisi huzama. Mbao yenye ufa mrefu au fundo kubwa mahali pa kutoboa isitumike. Kwa nyumba ya zamani, usiruke hatua hii.

2. Kagua kama paa limeshikwa na ukuta. Kenchi inapaswa kufungwa kwenye linta kwa nondo, waya mzito au bamba za chuma zilizoachwa wakati wa kumwaga zege. Kenchi iliyokaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake si mahali pa kumfunga mtu.

3. Chagua mahali. Nanga iwe kwenye kilele au karibu nacho, juu ya mbao kuu ya kenchi, siyo katikati ya kenchi mbili. Ikiwa juu, kamba humvuta mtu kuelekea kileleni na hubaki imenyooka.

4. Gawanya mzigo. Kenchi moja ya mbao nyembamba haitoshi. Fundi apige mbao nene inayovuka angalau kenchi tatu upande wa ndani, kisha nanga ifungwe kupitia mbao hiyo na kenchi ya katikati, ili mvuto ugawanyike.

5. Tumia bolti, siyo misumari. Tundu litobolewe kwa drili, bolti ipite mbao yote hadi upande wa pili, iwekewe washa pana na nati, kisha ikazwe. Msumari hushika vizuri mbao zikikandamizana, lakini ukivutwa hutoka. Bolti haiwezi kutoka bila kupasua mbao. Fuata idadi na unene wa bolti uliotajwa na mtengenezaji wa nanga.

6. Tumia chuma kisichoshika kutu. Bolti na bamba viwe vya chuma kilichopakwa zinki au chuma cha pua. Bolti iliyoanza kutu chini ya bati hakuna anayeiona.

7. Ziba tundu. Pale nanga inapotokeza juu ya bati pawekwe raba na silikoni, vinginevyo maji yataingia, mbao itaoza, na nanga itakuwa imeshikilia mbao iliyooza.

8. Weka nanga zaidi ya moja. Nanga moja katikati haihudumii kona zote. Mtu akienda pembeni mbali na nanga kisha akateleza, huyumba kama mtoto kwenye bembea na kugonga ukuta au kupitiliza ukingo. Nyumba ndefu ihitaji nanga mbili au tatu kwenye kilele.

9. Mtu mmoja, nanga moja. Mafundi wawili wasinase kamba zao kwenye pete moja.

Kwenye paa la zege, nanga hufungwa kwa bolti maalumu za zege zinazozama kwenye slabu au nguzo, mbali na ukingo, na si kwenye tofali.

Kama hakuna nanga na kazi ni ya siku moja

Nyumba nyingi zimeshaezekwa na hazina nanga. Njia mojawapo inayotumika ni kupitisha kamba juu ya kilele na kuifunga upande wa pili, chini, kwenye kitu kisichosogea: shina nene la mti ulio hai, kama mwembe mkubwa, au nguzo ya zege ya nyumba. Fundi anafanya kazi upande huu, kamba imeshikwa upande ule.

Njia hii ina masharti. Kamba iwe ya usalama, siyo ya katani wala ya kufungia mizigo. Pale inapopita juu ya kofia ya paa na ukingo wa bati iwekewe kipande cha tairi au gunia lililokunjwa mara kadhaa, kwa sababu bati hukata kamba kama kisu. Ifungwe chini kabisa kwenye shina. Asiwepo mtu wa kuigusa wala mtoto wa kuichezea hadi fundi ashuke. Na bado ipimwe fupi, kama ilivyoelezwa hapo juu.

Mkanda wenyewe

Mkanda sahihi hupita mabegani, kifuani na kwenye mapaja yote mawili. Mkanda wa kiunoni peke yake usitumike kumdaka mtu, kwani unaweza kuumiza tumbo na mgongo, na mtu anaweza kuchomoka au kuning'inia kichwa chini.

Kagua pamoja na fundi: mshono uliofumuka, utepe uliopauka kwa jua, alama ya kuungua au ya rangi, kishikizo chenye kutu au kisichojifunga. Mkanda wa mtumba usionunuliwa dukani una historia usiyoijua. Mkanda au kamba iliyowahi kumdaka mtu haitumiki tena, hata ikionekana nzima.

Fundi atasema amezoea

Ni kweli amezoea, na ni vizuri kumheshimu. Lakini mazoea ni ya miguu yake, hayawezi kujua hali ya mbao yako. Unaweza kuzungumza naye hivi:

"Fundi, karibu chai. Kabla hujapanda, leo kamba utaifunga wapi?"

"Mama, mimi kazi hii nina miaka kumi na tano, sijawahi kuanguka."

"Naamini fundi, na ndiyo sababu nimekuita wewe. Lakini mbao hizi zimekaa mwaka mzima zinanyeshewa, na mchwa wa huku unawajua. Nionyeshe kwanza utakapofunga, halafu tuanze."

Hayo yasemwe mnapopatana bei, siyo wakati ameshapanda. Ukiweka kwenye makubaliano kwamba mkanda, kamba na nanga ni sehemu ya kazi, na nani atavinunua, hakuna atakayeona amedharauliwa. Vifaa hivi vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na usalama kazini, Kariakoo na kwingineko. Majirani au kikundi cha akina mama mnaojenga mnaweza kununua seti moja na kuazimana, mradi kuna mtu mmoja anayeitunza na kuikagua.

Kama mume au kijana wako ameajiriwa na kampuni ya ujenzi, vifaa hivyo si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na msimamizi wake ni wakala wa serikali, OSHA. Mwajiri anatakiwa pia kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao hulipa anayeumia akiwa kazini. Muulize ndugu yako leo: mwajiri wako amejisajili?

Watoto wakae mbali

Siku ya kuezeka watoto hupenda kutazama. Zungushia kamba au mirunda eneo lote ambalo bati au nyundo inaweza kuangukia, na watoto wabaki kwa jirani au upande mwingine wa kiwanja. Jioni ngazi ilazwe chini na kufungwa kwa mnyororo, kwani ngazi iliyoachwa ukutani ni mwaliko. Pagale lenye ngazi za zege zisizo na ukingo lizibwe kwa mbao pale chini.

Ngazi ya mkono nayo ina kanuni yake: kwa kila mita 4 za kwenda juu, miguu ya ngazi iwe mita 1 kutoka ukutani. Ncha ya juu ipite ukingo wa paa kwa mita 1 na ifungwe isiteleze.

Mtu akianguka

Akining'inia kwenye kamba: ashushwe haraka. Mtu asiyesogea ndani ya mkanda anaweza kupoteza fahamu kwa muda mfupi kwa sababu damu hukaa miguuni. Akiwa na fahamu, mwambie achezeshe miguu na akanyage kitanzi cha kamba huku mkileta ngazi. Akishashushwa, alazwe. Kabla fundi hajapanda, mjue mapema mtamshushaje.

Akifika chini:

- Hakikisha hakuna kitu kingine kinachoanguka, kisha mwendee. Mwite kwa jina.
- Mwambie asisogee. Mtu mmoja apige magoti kichwani kwake na ashike kichwa kwa mikono miwili kikae kama kilivyo.
- Akiwa hapumui, anza kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu na kwa kasi, kati ya mara 100 na 120 kwa dakika. Kuokoa pumzi kunatangulia kuogopa mgongo.
- Damu ikitoka nyingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kitu kilichomchoma, kama nondo, kisichomolewe.
- Akitapika, watu kadhaa mgeuzeni ubavu kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda kama gogo moja.
- Mfunike kwa khanga asipate baridi.

Usimmwagie maji. Usimpe maji ya sukari, chai wala chakula, kwa sababu anaweza kupaliwa au kuhitaji upasuaji. Usimvute mguu au mkono kuunyoosha.

Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112, namba ya dharura. Piga pia kituo cha afya kilicho karibu kuuliza gari la wagonjwa. Weka namba hizi kwenye simu kabla ya siku ya kazi.

Gari la wagonjwa likichelewa na lazima aondoke, alazwe chali kwenye ubao mpana au mlango uliong'olewa, afungwe kwa khanga kifuani, nyongani na miguuni, kichwa kizibwe pande zote kwa nguo zilizokunjwa, kisha apakiwe kwenye gari lenye nafasi ya kumlaza, hata kirikuu. Bodaboda na bajaji humkunja mgongo. Mfupa wa mgongo uliovunjika unaweza kukata uti wa mgongo njiani, na mtu aliyeanguka akichezesha miguu akafika hospitali haiwezi.

Nenda hospitali mara moja akiwa na dalili hizi

- Alipoteza fahamu, hata kwa dakika moja.
- Anatapika, anasinzia kupita kawaida, anachanganyikiwa au kichwa kinazidi kuuma.
- Damu au maji meupe yanatoka sikioni au puani.
- Ganzi, miguu au mikono kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo.
- Maumivu ya shingo au mgongo.
- Tumbo linauma au limekuwa gumu, anatoka jasho baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Hii inaweza kuwa damu inayovuja ndani.
- Kwa mtoto: analia bila kunyamazika, hataki kunyonya, au ameanguka kutoka juu ya kimo chake mwenyewe.

Anayeonekana mzima naye apimwe, na asilale peke yake usiku wa kwanza. Dalili za kichwa huweza kuchelewa kwa siku moja au mbili.

Kituo cha afya cha karibu kitamtuliza na kuandika rufaa. Kutoka Chanika, rufaa za mkoa upande wa Ilala huenda Hospitali ya Amana, na majeraha makubwa ya mifupa, kichwa na uti wa mgongo hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kuna familia zinazopita kwanza kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa. Tunaelewa sababu, gharama ikiwemo. Lakini mfupa uliofungwa kwa vijiti na kukazwa sana huzuia damu, na vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, mguu mzima uko hatarini. Pigwa picha ya eksirei kwanza.

Akirudi nyumbani hawezi kugeuka mwenyewe

Mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku. Tazama makalio, visigino na mgongo kila siku. Ngozi iliyobadilika rangi na hairudi ukiibonyeza ndiyo mwanzo wa kidonda cha kulalia. Mkojo wenye harufu kali pamoja na homa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Usibebe kazi hii peke yako: gawa zamu na ndugu, na muulize mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe namna ya kumwinua bila kuumiza mgongo wako mwenyewe.

Maswali matano ya asubuhi ya kuezeka

1. Kamba inafungwa wapi, na mbao ya hapo imegongwa?
2. Kamba ni fupi kuliko umbali wa ukingo ulio karibu?
3. Mkanda ni wa mwili mzima na umekaguliwa?
4. Bati ni kavu na upepo umetulia?
5. Watoto wako wapi, na simu ina chaji na salio?

Kama jibu la swali moja halijakaa sawa, fundi anywe chai kwanza, mrekebishe, kisha apande.